Ufunguo Wenye Kitambaa Chekundu

Kithevya, tarehe 3 mwezi wa tatu, 2025

Yaya Débora,

Ninakusalimu, dada yangu mkubwa, kwa jina la Yule aliyetuamsha leo, wewe huko Butembo na mimi huku nyuma ya Beni. Tumeamka. Mwaka huu neno hilo peke yake ni habari nzima. Mvua imeanza, kakao imetoa maua, goti langu linauma upande uleule. Mke wangu Abigaïl na watoto watatu bado wako ng'ambo ya mpaka, Bwera ya Uganda, kwa kaka yake. Wanasoma, wanakula, wamenenepa. Bénite, yule wa mwisho, ananiita "baba wa simu". Na wewe, kikohozi kimekuacha? Elsa wetu hajambo?

Ninaandika kwa karatasi kwa sababu mbili. Ya kwanza, marehemu baba alitufundisha kwamba neno la kanisa lisipoandikwa ni upepo. Ya pili, kila nikitaja jambo hili kwa simu, mtandao wako unakatika. Ajabu ya mtandao huo, haukatiki tukiongea habari za maharagwe.

Jambo unalijua, lakini nitaliandika lote ili lisomwe lote. Mchungaji wetu wa zamani alipohamishwa, mwezi wa tisa 2023, posti, ofisi ya kanisa iliyo juu ya parokia zetu, ilinipa mimi, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, kuishika parokia kwa miezi mitatu. Niliweka mkono juu ya Biblia mbele ya watu nikaapa sitaondoka mpaka nimemkabidhi mchungaji mikononi. Mwezi wa kwanza 2024, ninyi wa ofisi ya posti mkamtuma yule kijana Malachie. Alifika Jumapili, akahubiri vizuri, siwezi kumnyima haki hiyo. Tukasimama mbele ya meza ya Bwana kukabidhiana kama ilivyo desturi: kwanza ufunguo, halafu muhuri, halafu kitabu cha ubatizo, na mwisho saini. Nikampa ufunguo, ule wenye kitambaa chekundu alichokifunga Mama Vagheni, shemasi wetu, usipotee kwenye majani. Alikuwa bado ameushika juu watu wauone wakati mlio wa bunduki uliposikika upande wa mto. Watu wakaruka madirishani. Nilipotoka chini ya benchi, Malachie alikwisha kupanda pikipiki, na ufunguo wetu mfukoni.

Tangu siku ile sisi ni watu wa nusu. Kwa kuwa alishika ufunguo, vitabu vya posti vinasema Kithevya ina mchungaji, basi hakuna mwingine anayeweza kutumwa. Kwa kuwa hakutia saini, mimi sijakabidhi, basi siwezi kutoka. Mlango mkubwa wa kanisa umefungwa mwaka na zaidi. Tunaingia kwa mlango wa nyuma, ule wa kwaya, tukiinama.

Usiniambie niondoke tu. Kifungu cha 31 unakijua, ni wewe uliyekipiga chapa: parokia ikikaa siku tisini bila msimamizi inafutwa, na waumini wake wanapelekwa parokia ya jirani. Jirani yetu yuko kilomita kumi na moja kwa njia ya msitu wenye wauaji. Hakuna mama atakayeipita njia ile akiwa na akili zake. Mwaka jana nilikwenda Beni kung'oa jino, nikalala huko siku moja. Niliporudi nilikuta kijiji kimebaki mbuzi na vipofu wawili.

Sasa Abigaïl amesema neno lake. Noeli ikifika sijaenda, anarudi na watoto. Unamfahamu, si mwanamke wa kutisha watu bure, akisema anafunga mizigo. Sitaki watoto wangu walale katika nyumba hii.

Ndani ya bahasha hii kuna barua yangu kwa baraza la posti. Ninaomba mambo mawili: Malachie aje amalize kupokea, au afutwe kitabuni atumwe mwingine. Mzee wa kanisa haruhusiwi kufika barazani mwenyewe, lazima barua ipite kwa katibu. Na katibu ni dada yangu. Nani ana bahati kama mimi?

Mdogo wako,
Phinées


Butembo, tarehe 8 mwezi wa nne, 2025

Mdogo wangu Phinées, mwana wa mama,

Neema na amani zikufikie kabla ya barua hii, maana Muyisa dereva akipata matope njiani anafanya kilomita hamsini kuwa safari ya wana wa Israeli. Kikohozi kimeniacha, kimehamia kwa jirani. Nyumba imejaa. Nimepokea watu kumi na mmoja waliokimbia vita Kirumba, wanalala pale ambapo marehemu mume wangu alikuwa akiweka mbao. Kila asubuhi tunapanga foleni ya choo kama watu wa kituo cha afya. Bibi mmoja kati yao anapika sombe ya majani ya muhogo kumpita mama yetu, Mungu anisamehe.

Wewe na goti lako mnazeeka pamoja. Paka mafuta ya moto uache kulalamika.

Elsa hajambo, tena hajambo sana. Kuna kijana amepiga hodi. Ni mtumishi wa Mungu, mpole, anajua kunyamaza, jambo ambalo wanaume wa ukoo wetu hawakujaliwa. Mambo yakikomaa wewe mjomba wake utajulishwa kama desturi inavyotaka.

Barua yako nimeipokea. Baraza liliketi mwisho wa mwezi. Ajenda ilikuwa ndefu: wakimbizi wa Kanyabayonga na Kayna wanaolala madarasani, uchaguzi wa mashemasi, paa la kanisa la mjini. Tulipofika kwenye mambo mengineyo, Mchungaji Gamaliel, mwenyekiti wetu, alikuwa anasinzia. Itasomwa mwezi wa sita. Subira, mdogo wangu. Kanisa haliendi mbio.

Ninakutumia sabuni na chumvi.

Dada yako,
Débora


Kithevya, tarehe 20 mwezi wa tano, 2025

Yaya mpendwa,

Amani ya Bwana ikae nawe na watu wako kumi na mmoja. Sabuni imefika, chumvi imefika nusu, Muyisa anasema mfuko ulitoboka. Mimi nasema ni mfuko wenye meno. Wasingya kutsibu, dada, asante sana.

Nimefurahi kwa ajili ya Elsa. Nilimbeba mgongoni mtoto yule, na bado ninakumbuka alivyonilowesha siku ya ubatizo wangu. Lakini umeandika mistari minne juu ya kijana huyo na jina lake hukuliandika. Ni nani? Ni wa ukoo gani? Mjomba haulizi kwa udaku, anauliza kwa sababu siku ya mahari atapewa mbuzi, na mbuzi hana raha bila jina.

Nikueleze jambo lililotokea wiki iliyopita, ucheke kama utaweza. Ninavua mabuti yangu ya mvua mlangoni kila jioni. Jumanne yalikuwa na tope, nikayaosha, nikayaweka nyuma ya nyumba yakauke. Asubuhi nilipotoka, Mama Vagheni alikuwa uani na godoro kichwani, na nyuma yake wamama wanane, kila mmoja na mzigo.

"Papa Phinées," akaniambia, "tuliona bote zako haziko ku mulango, tukasema ameendaka. Njo batu bakafunga bintu."

Nilipowaonyesha mabuti, wakatua mizigo, wakaenda shamba. Ndivyo nilivyojua kwamba kila asubuhi wanapita kwangu kuangalia viatu kabla ya kuamua kama siku hiyo wataishi hapa au watakimbia. Hawangoji redio, hawangoji askari. Wanaangalia mlango wangu. Tangu siku ile sioshi mabuti. Yaya, nilizaliwa kuwa mkulima wa kakao, sikuzaliwa kuwa jiwe la kukalia watu mia nne.

Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ninajua barua yangu inaonekana nyepesi ikiwa juu ya meza yako. Mwezi wa sita, tafadhali, iweke mwanzo wa ajenda, kabla Mchungaji Gamaliel hajasinzia. Abigaïl ameniuliza kwa simu nimefikia wapi. Nilimwambia dada yangu anashughulikia. Akasema, "Kama ni Yaya Débora, sawa." Anakuamini kuliko anavyoniamini mimi.

Phinées


Butembo, tarehe 7 mwezi wa saba, 2025

Mdogo wangu,

Salamu katika Bwana. Sote wazima. Watu wa Kirumba sasa ni kumi na wawili, mmoja amezaliwa, wamempa jina langu, kwa hiyo nimelazimika kutoa shuka.

Niharakishe habari njema. Familia ya kijana ilikuja wiki mbili zilizopita na mahari yamekubaliwa. Ndoa ilifungwa Jumamosi, kanisani, bila makuu, maana siku hizi nani ana moyo wa makuu. Elsa alikuwa mzuri. Nililia kama mjinga, nikawaza laiti baba yake angekuwepo. Najua ilifaa mjomba akae kiti cha mbele. Njia haikuwa nzuri wiki ile, na wewe mwenyewe umesema ukitoka siku moja kijiji kinahama. Nilionelea nisikujaribu.

Mbuzi wako anakuja na Muyisa. Ni dume, mweusi, mkaidi, mtapatana.

Kuhusu barua yako, iko kwenye faili. Baraza la mwezi wa sita lilikuwa la dharura kwa ajili ya wakimbizi tu. Usifikiri nimelala. Kuna mambo ambayo mtu aliye ofisini anayaona na aliye nje hayaoni.

Umtunze mbuzi.

Débora


Kithevya, tarehe 2 mwezi wa nane, 2025

Yaya,

Salamu. Sisi wazima. Natumaini nanyi wazima.

Mbuzi alifika Jumatano. Muyisa alimshusha, akamfunga kwenye mparachichi, akaomba maji. Nikampa. Nikamwambia, kwa mzaha tu, kwamba dada yangu amenitumia mbuzi lakini jina la mkwe amelisahau nyumbani. Muyisa akaacha kunywa.

"Mais papa," akasema, "mukwe wenu si njo ule pasteur Malachie, mwenye alikimbiaka na ufunguo ya Kithevya? Iko ku musumari, mu salon ya mama Débora. Na kitambaa yake nyekundu. Miye nilizani munajua."

Nilimuuliza mara mbili. Alisema amekaa chini ya msumari huo siku ya ndoa, akala wali.

Kwa hiyo wakati mimi nawaambia watu wainame mlango wa nyuma, ufunguo wao unaning'inia juu ya viti vyako. Wakati naambiwa subira, Malachie analala katika nyumba ya dada yangu, anakunywa chai ya dada yangu, ameoa mtoto wa dada yangu. Na barua inayomwita arudi imo ndani ya faili ya dada yangu. Sijui kama nimekosea kuhesabu. Nisahihishe.

Mbuzi sijamchinja wala sijamrudisha. Unajua kwamba kumchinja ni kuibariki ndoa na kumrudisha ni kuikataa. Amefungwa hapo, anakula majani, ananiangalia.

Sina la kuongeza. Nimekasirika sana, Débora, na sitaki kuandika kitu ambacho baba angekisoma kwa aibu.

Phinées


Butembo, tarehe 5 mwezi wa tisa, 2025

Phinées,

Nimechukua mwezi mzima kuandika barua hii. Nimeianza mara sita. Wewe hukukosea kuhesabu.

Malachie alikuja siku ileile ya milio, amejaa tope hadi masikioni, kuripoti ofisini. Hakukuwa na mtu mwingine ofisini ila mimi. Alikaa chini nyuma ya meza yangu, akakataa kutoka. Nilimwambia apumzike siku chache kisha arudi kwenu amalize. Nilimpa chumba. Nilikuwa nafanya wema, Phinées, sikuwa na hila. Siku chache zikawa wiki, wiki zikawa mwaka. Elsa alikuwa anampelekea chakula. Siku nilipofungua barua yako ya kwanza na kuona jina lake, nilikuwa nimeshika kikombe alichonimiminia Malachie mwenyewe. Nikaiweka faili chini ya nyingine. Nilijiambia, mwezi ujao.

Mchungaji Gamaliel anajua yuko Butembo. Nilimwambia ni kwa sababu za afya. Hakuuliza zaidi, kwa kuwa mambo ya afya ya wachungaji wanaotoka upande huo siku hizi hayaulizwi sana. Lakini barua yako ikisomwa, wazee wa baraza watauliza ufunguo uko wapi. Wakiuliza, atatumwa kwenu kabla ya mwezi kuisha, au atavuliwa joho. Hakuna njia ya tatu.

Na Elsa amebeba mimba. Juzi nilipomwambia yote, alisema, "Mama, ukimutuma kule, unitume na miye." Anasema kweli. Nina mtoto mmoja, Phinées. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Nitakuambia jambo baya zaidi, kwa sababu hata nikilificha utalijua. Nilijiambia kwamba wewe unaweza. Miezi inapita na wewe unaandika, unatania, unalalamika goti. Nilisema Phinées ni mtu wa kuishi. Malachie si mtu wa kuishi, mimi nimemwona, akisikia mlango unagongwa anaruka. Nilipima, nikakuweka wewe upande ule. Dada gani anafanya hivyo sijui. Ninapita mbele ya ule msumari kila asubuhi nikienda kazini na sijui.

Baraza linaketi tarehe 25 mwezi wa kumi na moja. Niambie la kufanya.

Débora


Kithevya, tarehe 28 mwezi wa tisa, 2025

Yaya Débora,

Salamu kwako, kwa Elsa na kwa mtoto aliye tumboni, ambaye hajamkosea mtu yeyote.

Barua yako nimeisoma shambani, nimekaa juu ya kakao iliyovunwa. Ghadhabu haijaisha lakini imechoka, na mimi nimechoka nayo. Nimekuelewa zaidi ya nilivyotaka. Hata mimi ninapima. Watu mia nne upande huu, Abigaïl na watoto watatu upande ule, na kila asubuhi ninapovaa mabuti nimekwisha kuchagua. Basi tusihukumiane.

Lakini hukuniuliza swali la haki. Unaniambia nikuambie la kufanya, ili Malachie akifa niwe mimi niliyesema, na nikifa mimi niwe nimekubali mwenyewe. Hapana. Katibu ni wewe.

Ndani ya bahasha kuna barua mbili kwa baraza, zote nimezitia saini na muhuri. Ile ndefu inasema kila kitu: siku ya kukabidhiana, pikipiki, ufunguo, na msumari ulipo. Wewe sikukutaja vibaya, nimesema tu kwamba ufunguo umehifadhiwa Butembo. Ile fupi ina mistari mitano. Inasema nimetumika kwa miaka miwili, nimechoka, familia yangu iko mbali, naomba kupumzishwa. Jina la Malachie halimo.

Ile ndefu itanitoa hapa. Ile fupi sijui, labda Mchungaji Gamaliel ataamka siku hiyo na moyo mwema. Soma moja, nyingine ichome. Sikubaki na nakala.

Sitakuuliza ulisoma ipi. Jibu la baraza litaniambia.

Abigaïl amekwisha kuwaambia walimu wa Bwera kwamba watoto hawatarudi shule mwaka mpya. Hiyo nimeandika uijue tu.

Mdogo wako,
Phinées


POSTI YA KANISA, BUTEMBO
Ofisi ya Katibu
Butembo, tarehe 1/12/2025
Na. 47/2025

Kwa Mzee Phinées, Mwenyekiti wa Baraza la Wazee, Parokia ya Kithevya

Kuhusu: jibu la ombi lako

Mpendwa katika Bwana,

Baraza la posti, katika kikao chake cha tarehe 25/11/2025, limesomewa barua yako ya mistari mitano. Wajumbe wote walisimama kumshukuru Mungu kwa uvumilivu wako.

Kwa kuwa Parokia ya Kithevya ina mchungaji aliyepangwa, ambaye kwa sababu za afya yuko Butembo kwa muda; na kwa kuwa hakuna kukabidhi kulikokamilika; na kwa kuwa utumishi wako umekuwa mfano kwa parokia nyingine: baraza limekupandisha cheo kuwa Msimamizi wa Kudumu wa Parokia ya Kithevya, mpaka itakapoamuliwa vinginevyo. Likizo ya kwenda kuona familia itafikiriwa pindi atakapopatikana mtu wa kukushikia nafasi.

Bwana akutie nguvu.

Kwa niaba ya Mwenyekiti,
Débora, Katibu

Kiambatisho: ufunguo (1)

*(chini yake, kwa kalamu)* Elsa hajui kwamba barua zako zilikuwa mbili. Malachie ameutoa ufunguo msumarini mwenyewe, akanipa bila kuniangalia. Nisamehe au usinisamehe, lakini mbuzi usimrudishe.


Kithevya, tarehe 10 mwezi wa kumi na mbili, 2025

Kwa Katibu wa Posti,

Barua yenu Na. 47 nimeipokea pamoja na kiambatisho.

Jumapili tulifungua mlango mkubwa. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, ilibidi tulimiminie mafuta ya mawese na kungoja. Lilipofunguka wamama walipiga vigelegele, wakaingia wamesimama wima, wengine walirudi nje waingie tena. Mama Vagheni alifua kile kitambaa chekundu akakifunga upya. Niliwasomea barua. Waliposikia "wa kudumu" walipiga makofi muda mrefu sana. Niliwaangalia na sikuona hata mmoja mwenye kosa.

Mbuzi nimemchinja siku hiyohiyo, wakala. Ndoa ya Elsa ina baraka ya mjomba wake. Mwambie hivyo, na amwambie mume wake.

Sasa naandika kwa dada yangu.

Noeli imebaki majuma mawili. Abigaïl amefunga mizigo. Anataka kuvuka mpaka wa Kasindi tarehe 22 na watoto wote watatu. Jana nilimwambia kwa simu asije. Alinijibu kwamba baba wa simu amemwambia mengi, miezi mitatu, halafu mwezi wa sita, halafu Noeli, na kwamba akinisikiliza tena yeye ndiye mjinga. Kisha akamwita Bénite anisalimie. Bénite amejifunza kuhesabu siku, akanihesabia.

Haniamini tena, na ana haki. Wewe anakuamini. Mwandikie asirudi. Muyisa anapita Kasindi Alhamisi ya tarehe 18, atampelekea hadi mpakani. Usipige chapa, andika kwa mkono, anaujua mwandiko wako tangu siku za uchumba wetu, ulipokuwa unamwandikia kwa niaba yangu barua nisizoweza kuziandika.

Atauliza kwa nini mume wake haji. Nimekaa na karatasi tangu asubuhi nikikutafutia la kumjibu, na sikulipata. Utalitafuta mwenyewe.

Ukiisha kumwandikia, nitumie nakala.

Phinées